Unataka kupima majivu ya korosho kwenye zege? Anza na maji

Msimu wa korosho ukiisha hapa Mtwara, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Wengi wanaoandika ni wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho, wachache ni mafundi wa matofali wenye udadisi wao. "Kaka, maganda ya korosho yapo kibao. Nataka niyachome, majivu yake nichanganye na saruji. Nianzie wapi?"

Wazo si baya. Majivu ya baadhi ya mimea yanajulikana kwa kuisaidia saruji. Pumba za mpunga ndizo maarufu: zikichomwa kwa nyuzi 600 hivi, hubakiza silika nyingi ambayo hushikana na chokaa inayotolewa na saruji inapokomaa, na zege linaongezeka nguvu. Moto ukizidi sana, silika ile ile hugeuka kuwa fuwele na kazi yake inapungua. Kama maganda yako, kwa moto wako, yatatoa majivu yenye tabia hiyo, hilo ndilo la kupima. Watu huja wakitaka kuthibitisha kwamba yanafaa. Mimi huwaambia waje wakitaka kujua.

Kazi yangu ni ya maabara ya vifaa vya ujenzi. Nashinda na udongo, kokoto na zege, na ripoti za wanafunzi nimeshasoma nyingi. Tatizo ninaloliona mara kwa mara haliko kwenye majivu. Liko kwenye maji ambayo hakuna aliyeyahesabu. Pwani yetu ina unyevu kila mahali: kwenye mchanga, kwenye mfuko wa saruji ulioegeshwa ukutani, kwenye majivu yaliyolala wazi usiku kucha. Usipoyajua maji hayo yako wapi na ni kiasi gani, utavunja kyubu zako zote (vile vipande vya zege vya mchemraba vinavyovunjwa kwenye mashine kupima nguvu), utachora mchoro mzuri, na hutajua umepima nini.

Jambo hili si geni. Mwaka 1918 huko Chicago, Duff Abrams alionyesha kwamba kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Tangu hapo kila mhandisi anasoma habari hiyo. Akifika kwenye karai anaisahau.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Karatasi yako inasema saruji kilo 10, mchanga kilo 20, kokoto kilo 40, maji kilo 5.5. Uwiano wako ni 0.55, safi kabisa. Lakini mchanga umechotwa kwenye lundo lililonyeshewa juzi, na una unyevu wa asilimia 6 ya uzito wake mkavu. Katika kilo 20 ulizopima, zaidi ya kilo moja ni maji. Ukimimina 5.5 zako zote, zege limepata maji ya kilo 6.6, na uwiano wako wa kweli ni 0.66. Siku unayochanganya zege la majivu asilimia 10, yaani sehemu hiyo ya saruji imeachia nafasi majivu, jua limewaka, mchanga umekauka, uwiano umerudi 0.55. Kyubu za majivu zinatoka ngumu kuliko zile za saruji tupu, na wewe unaandika kwamba majivu yameongeza nguvu. Hayakuongeza kitu. Jua ndilo lililoongeza.

Kupima unyevu wa mchanga hakuhitaji maabara. Pima gramu 500 za mchanga kama ulivyo, weka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, koroga polepole usiruke nje. Shikilia kipande cha kioo juu yake. Kioo kikiacha kupata ukungu, ipua, acha ipoe, pima. Rudisha jikoni dakika chache, pima tena. Uzito usiposhuka, umekauka. Tuseme umebaki na gramu 472: maji yalikuwa 28, gawa kwa 472, karibu asilimia 6. Sasa unajua kwamba ili upate kilo 20 za mchanga mkavu lazima upime kilo 21.2, na kwenye maji yako upunguze kilo 1.2. Mwenye oveni aweke nyuzi 105 hadi 110 usiku kucha, jibu ni lile lile. Kipimo hiki kifanywe kila siku ya kuchanganya, asubuhi, kabla hujafungua saruji. Kipimo cha wiki iliyopita hakina kazi.

Kuhusu ndoo, hapo ndipo ninapobishana na mafundi. Fundi mmoja wa Chuno ninayemheshimu sana aliniambia, "Ndoo ni ndoo, bosi, haibadiliki." Nikachukua chupa ya plastiki iliyonyooka, nikaikata juu, nikajaza mchanga wake mbichi bila kushindilia hadi kimo cha sentimita 20. Nikaumwaga pembeni, nikatia maji nusu chupa, nikaurudisha mchanga wote taratibu huku nikikoroga. Ulipotulia ulikuwa umeshuka hadi sentimita 16. Mchanga ni ule ule, hakuna punje iliyopotea. Unyevu kidogo huziweka punje mbalimbali, mchanga unavimba, na mchanga mwembamba kama wetu wa pwani huvimba zaidi. Maana yake ndoo ya mchanga mbichi ina mchanga pungufu kuliko ndoo ya mchanga mkavu, au ule uliolowa kabisa. Fundi aliitazama ile chupa, akasema, "Kumbe simenti yangu huwa inazidi." Kwenye ujenzi wa kawaida hiyo ni hasara ya mfukoni. Kwenye jaribio ni jaribio lililokufa. Nunua au azima mizani, na kila kitu kiende kwa kilo, maji pia.

Kama kokoto zako zinatokana na jiwe la matumbawe, jua kwamba lina vinyweleo na linakunywa maji ya mchanganyiko wako huku unaangalia. Ziloweke usiku, asubuhi zitandaze zichuje, zifute maji ya juu kwa kitambaa, halafu ndipo upime.

Sasa majivu. Kwanza usalama, maana nimeona vijana wakibeba maganda mabichi kwa mikono mitupu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Waulize akina mama wanaobangua, watakuonyesha vidole. Moshi wake nao unawasha macho na kifua. Chomea mbali na nyumba za watu, ukiwa upande upepo unakotoka, uvae glavu na miwani. Mafuta hayo yenyewe yana matumizi viwandani, kwenye rangi na kwenye vifaa vya breki, kwa hiyo mwenye kiwanda anaweza akakuuliza kwa nini unachoma mali. Swali zuri pia, lakini si la leo.

Majivu yakitoka meusi bado yana mkaa ndani. Mkaa hunywa maji kama sponji. Hapo ndipo jaribio linapoharibika kimyakimya: unachanganya, zege linakuwa gumu, koleo halipiti, kijana anayekusaidia anaongeza kikombe cha maji "lilainike kidogo." Kyubu zikivunjwa, nguvu imeshuka. Unaandika kwamba majivu yanapunguza nguvu, kumbe kikombe ndicho kilichopunguza. Ukiwa na tanuru ya maabara, chukua majivu makavu, yapime, yachome tena hadi uzito usiposhuka, yapime. Uzito uliopotea ni mkaa kwa sehemu kubwa, na namba hiyo iandikwe kwenye ripoti. Huna tanuru? Angalau chekecha kwa chekeche moja laini, kausha, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, na majivu yote ya jaribio yatoke kwenye uchomaji mmoja uliochanganywa vizuri. Ukichoma upya katikati ya utafiti, umeanzisha utafiti mwingine.

Kabla hujagusa koleo, amua kitu kimoja kitakachobaki vile vile. Ama unashikilia uwiano wa maji, unakubali zege la majivu liwe gumu kulifanyia kazi, ama unashikilia ulaini, kwa kupima slampu kila mara (yaani zege bichi linashuka kiasi gani koni ikinyanyuliwa), unakubali maji yatofautiane na unayaandika. Njia zote mbili ni halali. Mimi hupendelea ya kwanza kwa anayeanza, kwa sababu slampu inataka mkono uliozoea: koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25 ya fimbo, kisha unanyanyua wima bila kuyumba. Ila hata ukishikilia maji, slampu ipime tu, uandike. Kinachokatazwa ni kubadili uamuzi katikati.

Mchanganyiko wa saruji tupu, usio na majivu, ndio wa kulinganishia, na huo ndio vijana wanaoudharau. Wanaufanya mara moja, siku ya kwanza, halafu majivu yote wiki inayofuata. Mimi nasema kila siku ya kuchanganya iwe na wake. Na mpangilio uuvuruge makusudi: leo anza na asilimia 15, kesho anza na sifuri, keshokutwa na 5. Ukifuata 0, 5, 10, 15 tangu asubuhi hadi saa nane mchana, joto limepanda na maji yamekuwa yakipotea hewani kadiri asilimia inavyopanda. Huwezi tena kutenganisha kazi ya majivu na kazi ya jua. Kila mchanganyiko utoe kyubu tatu kwa kila umri, siku 7 na siku 28. Majivu ya aina hii, yakifanya kazi, hufanya polepole, kwa hiyo mwenye nafasi aongeze tatu za siku 90. Wengi huyahukumu siku ya 7 na kuyatupa.

Saruji nunua mifuko ya siku moja, kiwanda kimoja, daraja moja. Tunacho kiwanda Msijute tangu 2015, hakuna sababu ya kutumia mfuko uliolala dukani tangu kiangazi. Wakati wa kaskazi, mvua zikianza, mfuko uliofunguliwa unanyonya unyevu wa hewa wenyewe. Uhamishie kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana siku ile ile. Mabonge yasiyovunjika kwa vidole hayachekechwi yakarudishwa kazini. Saruji hiyo imeshatumika, ingawa hukuitumia.

Kyubu zikitolewa kwenye fomu, yaani kalibu zake, kesho yake, ziingie kwenye maji zizame zote. Vitabu vya Ulaya vinasema nyuzi 20. Pipa letu hapa halijawahi kuona nyuzi 20. Maji ya joto huharakisha nguvu za mwanzo, ndiyo maana namba yako ya siku 7 inaweza kukupa kiburi ukiilinganisha na jedwali la kitabu. Linganisha na kyubu zako za saruji tupu zilizolala pipa lile lile. Tia kipimajoto majini, andika.

Siku ya kuvunja, maji yanarudi tena. Kyubu iliyokauka huonyesha nguvu kubwa kuliko ndugu yake iliyolowa. Ukisafirisha kyubu zako kutoka Lindi hadi Mtwara kwenye buti la gari, jua linapiga, zikifika nusu zimekauka na nusu bado, namba zitakudanganya. Zifunge kwa magunia mabichi na nailoni, zikifika zirudi majini, zitolewe na kufutwa wakati wa kuingia kwenye mashine. Uso uliosawazishwa kwa mwiko ukae ubavuni, usigusane na sahani za mashine. Kyubu ya milimita 150 ina eneo la milimita za mraba 22,500. Ikivunjika kwa kilonyutoni 450 ni nyutoni 20 kwa kila milimita ya mraba. Kisha tazama ilivyovunjika. Pande nne zikipasuka sawasawa na kubaki umbo lililobanika katikati, sawa. Ikimeguka upande mmoja tu, haikukaa vizuri kwenye mashine, na hiyo usiipe uzito sawa na wenzake.

Jambo la mwisho ni chumvi. Mchanga wa ufukweni unavutia kwa sababu upo karibu, na kinachowapotosha watu ni kwamba kyubu yake haishindwi. Chumvi huharakisha ugumu wa mwanzo, kwa hiyo kwenye mashine zege linaweza likapendeza tu. Hasara yake huja baada ya miaka, inapofika kwenye nondo na kuondoa kinga ambayo zege huipa chuma, kutu inavimba, zege linapasuka. Nyumba za kale za Mikindani ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, hazina nondo ya kuliwa. Zetu zinazo. Kama jaribio lako linalenga zege la nondo, nguvu ya kyubu pekee haijajibu swali. Osha mchanga kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi yoyote, chukua maji hayo, mwombe mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo jirani akudondoshee nitrati ya fedha kidogo. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, tafuta mchanga mwingine kabla ya kulipia mashine.