Ganzi ya tumbo

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Huu mwezi wa pili naumwa na tumbo hapa chini ya chembe ya moyo, na nikila urojo au achari huzidi. Duka la dawa nimepewa dawa nyeupe ya maji, nikaambiwa kuwa ndani yake mna oksetakaini, ambayo ni dawa ya ganzi. Mimi ganzi naijua ya kung'olea jino. Tumboni inafanya nini? Na mafuta ya karafuu, tunayotia kwenye jino bovu, hayawezi kuwa badala yake?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Dawa nyingi za ganzi, pamoja na lidokaini anayokudunga daktari wa meno, hudhoofika zikikutana na asidi ya tumbo, kwa kuwa asidi huzigeuza hata zikashindwa kupenya mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Oksetakaini huistahimili asidi hiyo, na kwa kawaida huchanganywa na dawa za kuipunguza, yaani hidroksidi ya alumini na ya magnesiamu. Mtu mzima hunywa mililita 5 hadi 10 robo saa kabla ya kula na anapokwenda kulala. Itikise chupa kwanza, maana ule weupe hutuama chini, na mtu asiyeitikisa hunywa maji matupu wiki nzima kisha akailaumu dawa. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu aviache mbali nayo kwa saa 2.

Linalonitia wasiwasi ni hiyo miezi. Ganzi huyanyamazisha maumivu lakini kidonda, kama kipo, hubaki pale pale. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye ugunduzi wake uliwapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au huletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo watu wetu huzimeza kama njugu. Bakteria huyo hupimwa hata kwa choo, na hutibiwa kwa antibayotiki. Basi nenda hospitali ukapimwe, na ukipata choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda au chakula kikikukwama kooni, nenda siku hiyo hiyo.

Ama mafuta ya karafuu, ni kweli kwamba eugenoli iliyomo hulitia jino ganzi, lakini usiyanywe: huunguza utando wa tumbo, na yakizidi huharibu ini. Karafuu za kwenye pilau hazimo katika katazo hili.