Hodi ya Muuguzi: Majibu ya Barua Zenu

Safari hii barua zimetoka pande zote mbili za mlango: kwa wauguzi wanaobisha hodi majumbani na kwa ndugu wa wagonjwa wanaofungua. Nimechagua tano. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinagusa mambo ninayoulizwa kila mara.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa, nimekaa wodi ya upasuaji miaka kadhaa. Sasa nimepata kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Wenzangu wananibeza, wanasema kazi hiyo ni ya wauguzi waliochoka na kwamba nitapoteza ujuzi. Kinachonitisha zaidi ni kuwa peke yangu. Wodini nikikwama namwita mwenzangu au daktari wa zamu. Huko nitamwita nani? *Muuguzi wa Upasuaji*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao wanaokubeza. Mwaka 1859 huko Liverpool, Uingereza, mfanyabiashara William Rathbone alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyemuuguza marehemu mkewe, aende kuhudumia wagonjwa maskini kwenye nyumba zao. Walikubaliana miezi mitatu ya majaribio. Haikupita muda Robinson akataka kuacha, kwa jinsi alivyolemewa na dhiki aliyoikuta. Rathbone akambembeleza aendelee. Miezi mitatu ilipokwisha, Robinson mwenyewe hakutaka tena kuiacha kazi hiyo. Rathbone alipotafuta wengine wa kuongeza hakuwapata, akamwandikia Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Uingereza, kuomba ushauri, na matokeo yake ni chuo cha wauguzi kilichofunguliwa mjini humo mwaka 1862. Kwa hiyo kazi unayoiendea ni miongoni mwa sababu zilizofanya chuo hicho cha wauguzi kifunguliwe. Waambie hivyo.

Hofu ya kuwa peke yako ni ya haki, na sipendi ikuishe yote. Lakini usiibebe hivihivi, igeuze kuwa maswali kwa mwajiri wako kabla hujatia saini. Nani atapokea simu yangu saa kumi jioni nikiona jambo nisilolielewa? Maagizo ya daktari kwa kila mgonjwa yameandikwa wapi, na ni yapi ninayoruhusiwa kuyafanya bila kuuliza? Nikifika mahali nikahisi si salama, naruhusiwa kuondoka? Nani anajua niko nyumba gani muda huu? Mwajiri anayeyumba katika maswali haya atakuacha uyumbe wewe mbele ya mgonjwa.

Sasa kuhusu ujuzi. Wodini mgonjwa anakuja kwenye utaratibu wetu. Dawa zake zinatoka kwenye kabati letu, kwa saa zetu, na sisi ndio tunaompa. Nyumbani unaona yale ambayo hospitali haiwezi kuyaona. Niliwahi kumfuatilia mzee mmoja mwenye presha. Miguu ilikuwa imevimba, na kila akisimama anashika ukuta. Vipimo vyake havikuonyesha tatizo la moyo wala la figo. Nikamwomba anionyeshe dawa zake zote, si zile tu zilizo kwenye karatasi ya kliniki. Akatoa mfuko. Ndani mlikuwa na maboksi mawili yenye majina tofauti na rangi tofauti, na chini ya kila jina, kwa herufi ndogo, limeandikwa neno lilelile: amlodipini, dawa ya kushusha presha. Moja aliandikiwa kliniki, jingine alipewa siku aliporuhusiwa kutoka wodini. Mzee alikuwa akizimeza zote mbili kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa. Nilimpima presha ameketi, kisha amesimama, nikampigia daktari nikiwa palepale na maboksi yote mawili mkononi. Kuvimba miguu ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, na huzidi dozi inapozidi. Niambie kama huo si ujuzi.

Ndiyo maana nakusihi: ziara ya kwanza usiikimbize. Omba kuona dawa zote. Muangalie mgonjwa anavyotoka kitandani hadi chooni, usimuulize tu kama anaweza. Angalia taa ya njiani, zulia linaloteleza, na nani hasa yupo nyumbani mchana. Na kila unachotaka kukigusa, omba ruhusa kwanza, hata kama ni kusogeza kiti, kwa sababu wewe ndiye mgeni.

Kuhusu mkoba wako wa vifaa, jambo hili hufundishwa haraka mno. Usiuweke sakafuni wala kitandani kwa mgonjwa. Tandika kitu safi chini yake. Nawa mikono kabla ya kuufungua, toa vyote utakavyohitaji, ufunge, kisha ndipo umguse mgonjwa. Ukilazimika kurudisha mkono ndani, nawa tena. Maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30. Sindano zilizotumika zisizunguke na wewe kwenye mfuko wa koti, ziingie kwenye boksi gumu lake papo hapo. Na ukipanga mzunguko wa siku, mwenye kinga dhaifu awe wa kwanza, mwenye kidonda chenye usaha awe wa mwisho.

SWALI: Mama yangu alipata kiharusi na sasa ni wa kitandani. Muuguzi anakuja mara mbili kwa wiki kumsafisha kidonda cha mgongoni. Nasikitika kusema anaandika muda mrefu kuliko anavyomhudumia mama. Sisi tunataka mikono, yeye anashika kalamu. Je, ni haki? *Binti Anayeuguza*

JIBU: Pole sana dada, na hongera kwa kumuuguza mama. Kwa jambo moja nitamtetea muuguzi wenu, kwa jingine nitamlaumu.

Namtetea kwa kalamu. Kila mara anapofungua bandeji anapaswa kupima urefu, upana na kina cha kidonda kwa sentimita, kutazama rangi ya nyama ndani, harufu, maji yanayotoka na ngozi ya pembeni. Kidonda kinachopona polepole na kidonda kinachoharibika polepole hufanana sana kwa macho ya mtu anayekiona kila siku. Hutofautishwa na namba za wiki iliyopita. Akiugua yeye, mwenzake atakayekuja hatakuwa na kingine cha kumwongoza ila maandishi hayo, na daktari ambaye hajafika kwenu ataamua kubadilisha dawa kwa kuyasoma.

Namlaumu kwa kutowaambia anachoandika. Wiki hii mwulize: "Sista, kidonda kimefika sentimita ngapi? Wiki iliyopita kilikuwa ngapi?" Ni mama yenu, mna haki ya kujua, na muuguzi mzuri atafurahi kuulizwa.

Lakini dada, nataka nikuambie lililo kubwa zaidi. Katika wiki nzima muuguzi yupo kwenu kwa saa chache tu. Kidonda cha kulalia hutokana na uzito wa mwili kubana ngozi kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite. Hata akikisafisha vizuri namna gani, mama akiendelea kulalia pale pale hakitafunga. Dawa yake kuu iko mikononi mwenu.

Mgeuzeni. Kawaida tunasema kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na najua maneno hayo ni mepesi kuliko kazi yenyewe. Mkipata godoro maalumu la kupunguza mgandamizo, mwulizeni muuguzi kama muda unaweza kuongezwa usiku ili nanyi mlale. Asilazwe ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Mwegemezeni kidogo tu, mto nyuma ya mgongo, kiasi cha nyuzi 30. Wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani, visiguse godoro kabisa. Mkitaka kumsogeza juu, msimburute, kwa sababu ngozi huchanika ndani kabla hujaona kitu nje. Kunjeni shuka chini yake, mshike watu wawili, mmoja kila upande, mmwinue. Na msiinue sana kichwa cha kitanda kwa muda mrefu, kwani mwili huteleza chini na kukivuta kidonda.

Kila mnapomwogesha, tazameni makalio, nyonga, visigino, viwiko, mabega, masikio na kisogo. Hapa nasisitiza jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe havilisemi vizuri: msisubiri kuona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa. Tumieni mkono. Sehemu iliyo na joto au baridi kuliko jirani yake, iliyo ngumu au laini kupita kawaida, iliyoiva rangi ya zambarau au kung'aa, au ambayo mama anakunja uso ikiguswa, hapo kidonda kinaanza. Ondoeni uzito hapo mara moja, na msipasugue. Kusugua juu ya mfupa kunaumiza ngozi ambayo tayari inakufa.

Na wewe je, nani anakupokea? Kama ni wewe peke yako kila usiku, mwambie muuguzi hilo pia, aliandike.

SWALI: Namhudumia baba mmoja mwenye saratani iliyoenea. Watoto wake waliniita pembeni wakaniambia nisithubutu kumwambia ugonjwa wake, wanasema atakata tamaa. Jana nikimfunga bandeji akaniuliza, "Sista, mimi nitapona?" Nikamwambia apumzike. Sijalala vizuri. *Sista Njia Panda*

JIBU: Dada yangu, swali hilo hakukuuliza bure. Mgonjwa huchagua wa kumuuliza, na mara nyingi huchagua mtu ambaye mikono yake anaiamini.

Msimamo wangu ni huu. Si kazi yako kwenda kumtangazia ugonjwa, hilo lianze na daktari wake. Lakini pia huwezi kumdanganya, hata watoto wakikuomba kwa machozi. Siku akigundua kwamba ulimdanganya, hataamini tena unapomwambia dawa hii itapunguza maumivu.

Rudi kwake, keti, usiwe na bandeji mkononi. Mwambie, "Baba, juzi uliniuliza jambo, nami sikukujibu. Wewe mwenyewe unaelewaje hali yako?" Kisha nyamaza. Wengi wanajua zaidi ya tunavyodhani: mwili wao umeshawaambia, na wamewaona watoto wakinong'ona. Halafu muulize, "Ungependa kuelezwa kila kitu, au ungependa mmoja wa watoto ndiye aelezwe?" Yupo atakayesema hataki kujua, na hiyo ni haki yake kama ile ya kujua. Akisema anataka, mwambie utamwomba daktari aje azungumze naye, na umpigie daktari siku hiyohiyo.

Na watoto usiwafanye maadui. Waulize wanachokiogopa. Kwa kawaida wanaogopa kumwona baba akilia, au wanaogopa kwamba maumivu hayatazuilika. Hilo la pili unaweza kulijibu leo. Waeleze kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, ikitolewa kwa kipimo sahihi na kwa saa zake inasaidia sana, kwamba haipewi tu mtu anayekata roho, na kwamba lazima iambatane na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana kufunga choo ni athari yake isiyoisha kwa mazoea. Waambie pia kwa upole lakini wazi: "Sitamwanzia baba habari hii, ila akiniuliza, sitamdanganya." Kisha andika kwenye faili yote mliyozungumza.

SWALI: Familia ya mgonjwa wangu inanilazimisha nipokee bahasha ya pesa. Nikikataa wanaona nimewadharau. Nifanyeje? *Muuguzi Mpya*

JIBU: Kataa, kwa mikono miwili na kwa shukrani. Sema kanuni za kazi haziruhusu, na ni kweli. Pesa ikipita leo, kesho jirani yao asiye na bahasha atajiuliza kwa nini kwake unakaa muda mfupi. Kadi ya asante haina tatizo. Bahasha ikikutwa imeshaingizwa kwenye mkoba wako, irudishe na umjulishe msimamizi wako siku hiyohiyo.

SWALI: Mke wangu anachoma insulini. Muuguzi wetu anakuja Jumatatu na Alhamisi. Juzi usiku nilimkuta anatoka jasho, anatetemeka na kuongea ovyo. Alitulia baada ya kunywa soda. Ikitokea tena nimsubiri muuguzi? *Mume Mwenye Wasiwasi*

JIBU: Usimsubiri, kaka. Jasho, kutetemeka na kuongea ovyo kwa anayetumia insulini ni sukari iliyoshuka hadi utakapothibitisha vinginevyo. Kama mna kipimo, mpime haraka. Chini ya 4 kwa mashine zinazosoma kwa milimoli, au chini ya 70 kwa zinazosoma kwa miligramu, ni hatari. Kama kipimo hakipo au hakifanyi kazi, usipoteze muda kukitafuta.

Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au soda kama uliyompa, mradi isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 mpime tena, na kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula cha kawaida ili isishuke tena. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni, kitamwingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na uite gari la wagonjwa au umkimbize hospitali.

Hali ikitulia, mpigie muuguzi au daktari asubuhi hiyohiyo kabla ya sindano inayofuata. Andika saa ilipotokea, kipimo kilisoma ngapi, alikula nini jioni na alichoma yuniti ngapi. Tukio la juzi nalo liandike sasa kabla hujalisahau. Dozi ya usiku huenda ikahitaji kupunguzwa, na daktari ataipunguza kwa kutumia karatasi hiyo.