Neno la Kiingereza "noon" na saa tisa iliyomo ndani yake

Je, "noon" ni mchana?

Hapana. Mchana ni muda wote wa mwanga wa jua, ilhali "noon" ni saa sita kamili, jua linapokuwa utosini. Husemwa "at noon", bila kutia "the", na kipindi kinachofuata hadi jioni ndicho "afternoon". Kukifasiri kipindi hicho kuwa alasiri peke yake, kama wanafunzi wengi wanavyofanya, ni kukipunja, kwa kuwa kinaanzia adhuhuri.

Nimesikia kuwa asili yake ni tisa. Saa sita yaitwaje tisa?

Ni kweli, na Mswahili ndiye anayeweza kulielewa jambo hili upesi zaidi. Warumi waligawa mchana katika saa 12 kuanzia macheo, wakaiita ile ya tisa "nona hora", nayo ni saa tisa yetu hasa, ambayo Mwingereza wa leo huiita ya tatu. Kanisa liliiwekea saa hiyo sala yake. Kisha, kufikia karne ya 14, wakati wa sala ulikwisha kusogezwa hadi katikati ya mchana, na jina likahama pamoja nao. Fungua Mathayo 27:46, ambapo Yesu analia msalabani yapata saa tisa: msomaji wa Kiswahili anaijua saa hiyo papo hapo, lakini Mwingereza anayesoma "ninth hour" hana budi ahesabu tangu alfajiri.

Mwaliko wangu umeandikwa 12 pm. Ni mchana au usiku?

Kwa desturi ni saa sita mchana. Hata hivyo, "p.m." ni kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya baada ya katikati ya mchana, na saa sita kamili ndiyo katikati yenyewe, ndiyo maana nawasihi waandishi wa mialiko waandike "12 noon". Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu kituo cha basi saa sita mchana, tiketi ikiwa na 12:00 am, na karani akatuonyesha ile "a" kwa ncha ya kalamu: basi lilikuwa limeondoka usiku uliopita. Shangazi alikuwa anakwenda mazikoni.

Je, "forenoon", yaani muda wa kabla ya adhuhuri, bado linatumika?

Kwa nadra. Limedumu zaidi kwa mabaharia, kama jina la zamu ya saa mbili asubuhi hadi saa sita.