Ukitaka kubuni kanga ya kwenu, anza na pindo

Kanga ya kwanza niliyoibuni ilikuwa na mnazi, ngalawa, ng'ombe, ngoma, jembe na mbuyu. Vyote nilivirundika kwenye mji, ile nafasi ya katikati. Mama yangu ni Mdigo wa Tanga, baba Msukuma wa Shinyanga, na mdogo wangu alikuwa anaolewa. Nikaona nafasi ndiyo hii ya kuwavisha ndugu wa pande zote mbili sare inayosema sisi ni nani. Nilichora wiki tatu. Shangazi akaitazama, akaigeuza, akauliza: "Hii ni ya kampeni ya nani?"

Nilinuna siku mbili, kisha nikakubali kwamba nilikuwa nimechora bango. Kanga haivaliwi imetandazwa kama pazia. Ukijifunga kiunoni, katikati ya mji kunaangukia nyuma, ncha zinapandana mbele, na ng'ombe wako anabaki kichwa tu. Kinachoonekana kila mara, iwe umejitanda au umembeba mtoto mgongoni, ni pindo. Kwa hiyo anza na pindo. Mji usubiri.

Kila upande wa ukoo uupe kitu kimoja tu, na hicho kimoja ukichukue umbo lake, usikichore kama picha ya kitabu cha shule. Kwa baba nilichukua jembe, kwa sababu ngoma ya Bugobogobo huchezwa na majembe mkononi na mimi nimekua nikiiona. Nikatoa mpini, likabaki bamba peke yake, nikalisimamisha ncha juu. Kwa mama nilichukua kifuu kilichokatwa, yaani nusu duara. Nikavipanga jembe, kifuu, jembe, kifuu. Anayepita mbali ataona majani na miezi. Wa kwetu ataona kwao, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kona ndizo zilizonitesa. Mchoro unaokwenda vizuri upande wa urefu hugongana na ule wa upana, kwa kuwa kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110 na pande hizo hazigawanyiki sawa kwa kila umbo utakalojichagulia. Mimi nilianzia katikati nikienda pembeni, nikaishia na nusu jembe kwenye kona mbili. Chora kona kwanza, kitu kinachojitegemea, kisha hesabu maumbo yanayoingia kati ya kona na kona. Yakizidi kidogo, yapunguze ukubwa, usikate.

Rangi nitazipitia haraka. Kila rangi inahitaji fremu yake wakati wa kuchapa, kwa hiyo kila unayoongeza unailipia. Itazame kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ile ya asili haina hata jina, yaani maneno yanayochapwa kwenye kanga, lakini ukimwona mtu kaivaa unajua kuna bibi harusi. Nami nilichukua tatu: damu ya mzee, nyeusi na nyeupe. Kabla hujaamua, toa fotokopi ya mchoro wako isiyo na rangi. Umbo likipotea hapo, rangi haitaliokoa.

Sasa jina. Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeanza kuweka maneno kwenye kanga ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, zama ambazo maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watu walimjua kwa jina la Abdulla, na kanga zake zikabeba alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Tangu hapo mnunuzi haulizi bei kabla hajauliza inasemaje. Mimi niliandika KWETU KUWILI SIPUNGUKIWI, mizani tano kwa tano, nikajisifu. Shangazi akasoma kwa sauti, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, kwenye arusi? Watamuuliza bibi harusi huyo wa pili ni nani."

Ndiyo tabia ya kanga: maneno yake hayabaki na maana uliyoyapa. Jina lako lisome kama jirani mbaya, kisha lisome kama wifi, ndipo uamue. Mimi nililibakiza, ila nikamtaka radhi mdogo wangu kwanza. Yeye ndiye aliyesema lisiguswe.

Kabla ya kupeleka kwa wachapaji, nunua shuka nyeupe, likate kwa kipimo cha kanga, lipake mchoro wako kwa rangi yoyote ya maji, mfunge mtu. Mwambie atembee, akae, ainue ndoo. Wewe simama mlangoni. Mimi hapo ndipo nilipougundua mji wangu bado una kelele, nikafuta kila kitu nikaacha vidoti vyeupe vidogo na kifuu kimoja kikubwa katikati.

Mwaka jana nilikwenda Shinyanga. Kwa shangazi kulikuwa na kanga imechanika vipande, kimoja kimefunikia chungu cha maji, ncha moja inaning'inia: jembe, kifuu, jembe. Jina lilishakatwa zamani. Nikamuuliza kipande chenye maneno kiko wapi. Akasema alimpa jirani yake mmoja, makusudi.