Wasomaji Wanauliza: Lubumbashi kwa Miguu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori, na kazi yangu hunifikisha Lubumbashi, ambako mara nyingi hukaa siku kadhaa nikisubiri kupakiwa shaba ya kupeleka bandari ya Dar es Salaam. Nimechoka kushinda yadini. Wenzangu husema mji ule una majengo mengi ya zamani ya Wabelgiji, ila hakuna anayeweza kunieleza historia yake. Mtu akiwa na siku moja tu na miguu yake, aanzie wapi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Ndugu msomaji, usianzie kwenye kanisa kuu wala posta, ingawa huko ndiko wengi watakakokuelekeza. Anzia upande wa Mto Lubumbashi, mahali unapoweza kuliona vizuri bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, lenye urefu wa mita 153, pamoja na kilima cheusi kilicho karibu nalo. Kilima hicho si cha asili. Ni mabaki ya mawe yaliyopita katika matanuri tangu yalipoanza kutoa shaba mwaka 1911, na kwa kuwa ndani yake mna madini ya kobalti, katika karne hii kimekuwa kikimegwa na kuyeyushwa upya, kwa hiyo kinazidi kupungua. Eneo la kiwanda haliingiliwi bila kibali, na kulitazama kwa mbali kunatosha kukuonyesha kwa nini mji upo pale ulipo. Kampuni ya kuchimba shaba ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabelgiji wakaanzisha mji na kuuita Elisabethville, kwa jina la malkia wao. Jina la Lubumbashi lilishika nafasi hiyo mwaka 1966.

Kutoka hapo ingia katikati ya mji. Mitaa ni mipana na imenyooka, hivyo si rahisi kupotea. Kabla ya kuinua macho kutazama mapaa, chunguza kuta: palipobanduka lipu utaona tofali jekundu la kuchoma, na huko Lubumbashi matofali hufyatuliwa kwa udongo wa vichuguu, ambavyo eneo lile linavyo vikubwa ajabu. Kazi hiyo ingali inaendelea, na ukifika pembezoni mwa mji unaweza kukuta kichuguu kilichochimbwa nusu, na tanuu la matofali limepangwa kandokando yake.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo litakuchukua dakika chache. Sinagogi, kwa maoni yangu, linastahili muda zaidi. Lilijengwa kati ya mwaka 1929 na 1930 kwa michoro ya msanifu Raymond Cloquet, kwa ajili ya jumuiya ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes na kufanya biashara mjini humo, jambo linalokukumbusha kwamba shaba haikuwavuta Wabelgiji peke yao. Kisha nenda kwenye jengo lililokuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, kazi ya Claude Strebelle iliyokamilika mwaka 1956. Mwanasiasa Moïse Tshombe alipotangaza kwamba Katanga, jimbo la mji huu, limejitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, ukumbi huo uliojengwa kwa starehe za wazungu uligeuka kuwa bunge, na hata leo ndimo linamokutana Bunge la Jimbo. Makumbusho ya Taifa hayako mbali na hapo. Ingia kama miguu haijachoka.

Miguu ikichoka, heri uyaache makumbusho kuliko kuiacha Kamalondo. Huo ndio mtaa ambao zamani uliitwa Albert na kutengewa Waafrika, nao ulitenganishwa na mji wa wazungu kwa ukanda wa wazi uliokatazwa kujengwa, kwa hoja ya kulinda afya. Anayetembea kwa miguu ndiye anayeuhisi vizuri umbali ambao mpishi au karani alilazimika kuukata kila asubuhi. Union Minière nayo iliwaweka wafanyakazi wake katika kambi zake yenyewe, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawahimiza waishi humo na wake zao ili wasirudi makwao. Desemba 1941 waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi na kuwaua wengi. Orodha ya majengo mazuri ya mji ikiliacha tukio hilo nje, basi imesema nusu ya habari.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, na Julai nitamtembelea mwanangu Lubumbashi. Je, nitaruhusiwa kupiga picha, na Kiswahili changu kitaeleweka? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kiswahili chako kitaeleweka bila shida, ingawa utajibiwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa kingi. Kuhusu picha, tafadhali kuwa mwangalifu: usielekeze simu kwenye ofisi za serikali, stesheni, madaraja wala askari, na hata mbele ya nyumba ya kawaida omba ruhusa kwanza. Mwanao akuulizie mapema kama kibali kinahitajika, hasa kwa jengo la Bunge la Jimbo. Julai ni kiangazi na asubuhi huwa na baridi kali, kwa hiyo chukua sweta, na kitambaa cha kujikinga na vumbi.