Shangazi Anajibu: Majina ya dada zangu hayamo kwenye barua ya chifu

SWALI: Shangazi, pokea salamu kutoka Malava, Kakamega. Baba alifariki mwaka jana bila wosia, akatuacha na mama, wavulana watatu na wasichana wawili. Aliacha shamba la ekari tatu, na ploti sokoni yenye vyumba viwili vya duka tulivyokodisha. Dada mkubwa ameolewa Busia. Wa pili aliachana na mumewe akarudi nyumbani na watoto wake. Ndiye aliyemuuguza baba alipopooza: kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumnywesha uji kwa kijiko. Sasa kaka zangu wamekwenda kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, na kwa chifu, wakatoka na barua ya kutambulisha warithi yenye majina yetu wanaume peke yetu. Wanasema msichana hana boma kwa baba yake, na shamba likigawanywa mara tano litakwisha. Baba mdogo ameongeza kwamba dada akipewa ardhi, siku akifa hatutajua tumzike wapi. Mimi ni kitindamimba, na kwa mila nyumba ya mama ni yangu. Nimeletewa fomu ya korti nitie sahihi. Nitie?
Kitindamimba, Malava

JIBU: Usitie, mwanangu.

Kabla ya dada zako, nianze na mtu uliyemtaja kisha ukampita: mama yako. Yu hai, na hayumo kwenye barua. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, humtazama mjane kwanza. Kwa kawaida yeye ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kuomba kusimamia mali. Vyombo vya nyumbani ni vyake moja kwa moja. Shamba, na kodi ya vile vyumba vya sokoni, ana haki ya kuvitumia maisha yake. Watoto wanakuja nyuma yake, wote kwa mafungu sawa, na sheria haiulizi nani amevaa suruali wala nani ameolewa. Kaka zako wanagawa kitu ambacho zamu yao haijafika.

Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la mirathi mahakamani kabla ya kustaafu, na barua kama hizo ninazijua. Muhuri wa chifu uko sawa, wavulana wametajwa kwa majina matatu matatu na nambari za kitambulisho, halafu chini yao karatasi ni nyeupe tupu. Binti hupotezewa hapo, kabla mtu hajashika kamba ya kupima shamba. Faili ikishapita bila jina lake, tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, na ni mama gani wa Busia anayeamka asubuhi kusoma Gazeti Rasmi? Ndiyo maana ninakuomba, wewe uliye ndani, usiache jambo hili lipite mkononi mwako.

Fomu uliyoletewa yaelekea ni ile ya kukubali kaka zako wawe wasimamizi wa mali. Huandamana na kiapo kinachotaja jamaa wote waliobaki. Kuapa uongo kwa makusudi katika maombi hayo ni kosa la jinai. Tena, hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha warithi inaweza kufutwa na mahakama wakati wowote, hata watu wakiwa wameshajenga na kupanda miwa. Waambie kaka zako hilo kwa upole, kwa sababu pengine hakuna aliyewaeleza.

Kuhusu mila, jibu limekuwepo kitambo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya familia ya Rono kutoka Uasin Gishu. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wavulana ardhi nyingi kuliko mabinti, hoja mojawapo ikiwa kwamba mabinti huenda wakaolewa. Majaji wa rufaa waliikataa hoja hiyo. Kisha ikaja Katiba ya 2010: kifungu cha 2 kinasema mila inayopingana na Katiba ni batili, na kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na desturi za ardhi. Wapo watakaokuambia kwamba kuna maeneo ambako Sheria ya Urithi iliiachia mila ardhi ya kilimo. Ni kweli, yalitajwa maeneo kama Turkana, Samburu na Narok. Kakamega haikuwamo.

Hoja ya udogo wa shamba siipuuzi. Ekari tatu kwa watu watano ni zaidi kidogo ya nusu ekari kila mmoja, na huko kwenu mtu hulima mahindi, maharagwe na nyasi ya ng'ombe papo hapo. Lakini angalia: shamba linaonekana dogo wasichana wanapohesabiwa, ila kwa wanaume watatu linatosha. Kama udogo ndio tatizo, ni la wote watano, na lina dawa. Si lazima kila mtu akatiwe kipande. Mnaweza kukubaliana mmoja achukue zaidi sokoni na mwingine zaidi shambani, na wewe ubaki na nyumba ya mama kama mila ilivyokuandalia. Dada wa Busia anaweza kuamua kuwaachia fungu lake. Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi. Ila aseme kwa kinywa chake, mbele ya mahakama siku ya kuthibitisha mgao. Msimsemee, na asiletewe karatasi jikoni wakati wa matanga aambiwe atie kidole tu.

Na hili la kaburi limeniuma. Dada yako hajafa. Ana watoto wa kulisha leo, na ndiye aliyekuwa macho usiku baba yenu alipokuwa akikoroma kwa maumivu. Kumjadili kama maiti ili asipewe pa kulima ni ukatili, hata kama anayesema ni baba mdogo anayestahili heshima. Siku ikifika, atazikwa kwenye ardhi yake.

Nenda kwa chifu na mama yako, mwombe barua mpya yenye majina yote sita. Chifu akisita, mama aende mwenyewe kwenye masijala ya mahakama Kakamega aweke pingamizi. Si lazima awe na wakili. Akihitaji mtu wa kumsaidia bila gharama kubwa, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985, wana ofisi Kisumu. Majina yaingie kwanza. Mipaka mtaizungumza baadaye, tena mkiwa mmeketi na dada zenu.

SWALI: Mume wangu anataka kuuza shamba tulilonunua tukiwa kwenye ndoa, huku Njoro. Hati ina jina lake. Anasema sikutoa hata shilingi, kwa hiyo siulizwi.
Mama Watoto, Nakuru

JIBU: Unaulizwa, dada yangu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kupika, kulea watoto na kulima kuwa mchango, na katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Fika ofisi ya usajili wa ardhi Nakuru na cheti cha ndoa, au ushahidi mwingine wa ndoa, uombe kuweka zuio kwenye hati. Shamba la kilimo pia lazima lipite kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi. Iandikie bodi barua kwamba hujakubali, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na siku ya kikao uwe pale mlangoni mapema.