Baba aliyelia akimwoza binti yake: je, ametia nuhusi katika ndoa?

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Mke wangu alifariki binti yetu akiwa mdogo, nikamlea mwenyewe. Siku ya ndoa, mskitini, nilimshika mkono mkwe wangu, nikaanza kutamka, kilio kikanishinda katikati. Nilinyamaza kidogo, nikaanza tena tangu mwanzo, naye akajibu "nimekubali" papo hapo. Baadaye mtu anayeheshimika mtaani akanambia kuwa machozi yangu yametia nuhusi katika ndoa ile, na kwamba ni dalili ya kutoridhika na sheria ya Mwenyezi Mungu. Mwengine akasema ndoa irejewe. Binti ameshahamia Unguja kwa mumewe, na mimi usingizi umenipaa. Nifanye nini?

JIBU: Ndoa ya binti yako ni sahihi, mzee wangu, wala hairejewi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata visiwani kwetu, kinachodhuru ni mwanya mrefu baina ya tamko la walii, yaani mzazi anayeoza, na jibu la bwana harusi. Wewe ulikatika kabla hujalimaliza tamko lako, ukalianza upya, naye akalipokea hapo hapo.

Ningeishia hapa lau si hayo mengine uliyoambiwa, ambayo yameniudhi kwa sababu yametoka kwa mtu anayesikilizwa. Nuhusi aliipata wapi? Mtume, rehema na amani zimshukie, amekanusha kabisa mambo ya kuagulia mkosi, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwenye kudai kwamba chozi la mzazi linaweza kuivunja nyumba ya watu amelipa chozi uwezo ambao hakupewa kiumbe yeyote, kisha amemwachia baba mfiwa hofu ya kuishi nayo kila mwanawe atakapougua au kugombana na mumewe.

Ama kutoridhika, Mtume alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, akasema kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Huenda bwana huyo akajibu kwamba hayo ni ya msibani, na harusi ni furaha. Basi na asome alivyopokea Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha: baada ya vita vya Badri, Bibi Zaynab, binti wa Mtume, alipeleka fidia ya kumkomboa mumewe Abul-As aliyekuwa mateka, na ndani yake mlikuwa na kidani cha Bibi Khadija, ambacho mama huyo alimpa binti yake alipokwenda kwa mumewe. Bibi Khadija alikuwa ameshafariki. Mtume alipokiona kidani kile alishikwa na huruma kubwa, akawaomba Masahaba, wakiona inafaa, wamwachie mateka wake na wamrudishie mali yake. Je, naye tumwambie hakuridhika? Kilichokuliza wewe pale mskitini, nadhani, si binti peke yake. Ni mama yake pia, ambaye siku ile ilikuwa yake.

Asiyeridhika na sheria ni baba anayemzuia binti yake asiolewe na mume anayemfaa ambaye mwenyewe amemtaka, au anayepandisha mahari mpaka vijana wakimbie. Hao wamo mitaani mwetu, na sijasikia wakiambiwa wana nuhusi. Wewe ulikuwa na kilio kooni na bado ukauendea wajibu wako hadi ukaumaliza.

Kwa kuwa unaonekana kujilaumu, fanya hivi. Waombee wote wawili dua aliyoifundisha Mtume: "Baarakallahu laka wa baaraka alayka wa jama'a baynakumaa fii khayr", kisha ongeza kwa Kiswahili chako lolote la kheri ulilo nalo moyoni, maana dua ya mzazi ni miongoni mwa zile zinazojibiwa. Mwambie binti yako kwamba ulilia kwa mapenzi, asije akasikia kwa wengine kuwa hukuwa radhi na mumewe. Na vuka kwenda kuwatembelea. Mtume alikuwa akienda nyumbani kwa Bibi Fatma na Sayyidna Ali.

Lakini itakapofika siku binti akapiga simu akilalamika, usikimbilie kumwambia arudi Wete. Mtume alipomkuta Bibi Fatma peke yake, akaambiwa kuwa Ali ametoka kwa hasira, alimfuata mskitini, akamkuta amelala mchangani, akampangusa vumbi kwa mkono wake na kumwita Abu Turab, yaani baba wa vumbi, kwa upole. Hatukupokea kwamba alimhoji nani kakosa. Mfanye mkwe wako ajue kwamba na yeye ana baba Pemba. Ila ikiwa ni dhulma au kupigwa, usimsubirishe binti yako hata siku moja. Mlango wako ni haki yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.